Mkoba wa Mbeleko

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Mashavu ni pua yake. Simaanishi umbo lake, namaanisha kazi aliyokuwa akiifanyisha. Siku hiyo mwanamke mmoja wa Mahege alikuwa amemletea pazia kuukuu, zito, la rangi ya kijani, akitaka ashonewe mkoba wa sokoni. Bi Mashavu hakulikunjua wala kulitazama kwenye mwanga. Alilisogeza puani, akafumba macho, akavuta harufu taratibu kama mtu anayeonja mchuzi.

"Hili limelala na panya," alisema.

"Jamani, Bi Mashavu! Nimelifua."

"Umefua pazia, panya hukumfua. Kaliloweke na magadi, ulianike juani likauke kabisa, ndipo uniletee. Mie sishoni uvundo."

Mwanamke yule alicheka, akakunja pazia lake na kwenda zake bila kinyongo. Mimi nilikuwa nimehamia juzi tu katika chumba cha uani cha nyumba hiyo hiyo, baada ya kupata kazi ya kufundisha kwa mkataba katika shule moja hapa Kibiti. Nilisimama na ndoo yangu ya maji nikijiuliza ni mshonaji gani huyu anayefukuza wateja asubuhi. Baadaye nilitambua kwamba hafukuzi mtu. Wanarudi wote, na mapazia yao yananukia jua.

Bi Mashavu ni mtu wa Mohoro. Alilima mpunga huko tangu akiwa msichana, akaolewa huko, akazaa huko, akafiwa na mume huko. Mwaka ule maji ya Rufiji yalipopanda na kukataa kushuka, nyumba yake ya miti na udongo iliyeyuka kama sukari. Wenzake walitoka wamebeba unga, masufuria na kuku. Yeye alitoka na bunda la nguo kichwani: mapazia, mashuka, foronya alizozitarizi mwenyewe na khanga kadhaa zilizochakaa. Mpaka leo watu wanamtania kwa hilo, naye mpaka leo anawajibu kwa hasira ile ile.

"Unga tulipewa," husema. "Sukari tulipewa. Nani angenipa pazia la sebuleni kwangu?"

Hana cherehani. Anashona kwa mkono, amekaa kwenye mkeka barazani, miguu ameinyoosha. Hakati kitambaa kwa mkasi ila pale anapolazimika. Hukichana kidogo kwenye ukingo kwa meno, kisha hukipasua kwa mikono miwili, kwa sababu mpasuo hufuata uzi na mkoba hautapinda. Chini huweka tabaka mbili za salfeti, yaani mfuko mgumu wa plastiki wa mchele, ili mkoba usimame wenyewe. Mishikio huisokota kutoka kwenye mapindo ya mashuka, maana pindo ndilo sehemu inayochelewa kuchakaa. Tena ana utaratibu wake ambao hauvunji kwa mteja yeyote. Nje ya mkoba hutoka kwenye nguo zilizovaliwa na nyumba, yaani pazia, kitambaa cha meza au foronya. Bitana, yaani kitambaa cha ndani, hutoka kwenye nguo iliyogusa mwili wa mtu wa nyumba hiyo. Ukimpelekea pazia bila khanga, anakuuliza, "Na watu wa nyumba hii wako wapi?"

Mkoba ninaotaka kuusimulia aliushona kwa ajili ya Nasra, mjukuu wake. Mama yake Nasra, Maimuna, alikuwa binti pekee wa Bi Mashavu. Alifariki mtoto akiwa bado hajaacha ziwa. Bibi aliichukua ile ile khanga ambayo Maimuna alimbebea mwanawe mgongoni, akamfunga Nasra nayo, akaenda naye shambani. Hiyo ndiyo mbeleko. Ilikuwa nyekundu, sasa imepauka imekuwa rangi ya kichuguu, na pembeni ina tundu lililotobolewa na cheche ya jiko, ambalo Bi Mashavu aliliziba kwa kiraka chenye umbo la jani.

Huku, binti anapoolewa, mahari peke yake haitoshi. Upande wa mume huleta pia ubeleko, zawadi ya kuushukuru mgongo uliombeba bibi harusi alipokuwa mchanga. Katika ukoo wa Bi Mashavu ubeleko haupokelewi kwa mikono mitupu. Anayeupokea huitoa mbeleko yenyewe, wanawake wa upande wa mume wakaigusa mmoja mmoja, kisha yeye husema kwa sauti, "Nimemshusha." Neno hilo likishasemwa, bibi harusi anaweza kutoka nyumbani. Lisiposemwa, bado yuko mgongoni.

Nasra ndiye aliyetoa wazo la mkoba. Anaolewa na Miraji, kijana wa visiwa vya delta ya Rufiji ambaye ukoo wao ni wakata mikoko, na atahamia huko. "Bibi," alisema, "khanga hii ukinipa hivi hivi, siku moja mtu ataidekia. Nishonee mkoba, khanga uitie ndani iwe bitana, niweke nguo za wanangu."

"Wanao wangapi, mke mwenzangu? Hata chungu cha kwanza hujaunguza."

"Wanne."

"Basi ntaushona mpana."

Aliushona kwa pazia la sebuleni la Mohoro, la samawati lenye maua meupe. Mfuko wa mbele aliutoa kwenye foronya, na ndani, bitana nzima, ilikuwa ile mbeleko, kiraka chake kikiwa juu karibu na mdomo wa mkoba ili kila anayefungua akione. Ulikuwa mzuri kiasi kwamba majirani walikuja kuutazama kama mtoto mchanga.

Mmoja wao alikuwa Zamda. Zamda anauza chai na chapati karibu na stendi, na ni katibu wa kikundi cha wanawake kinachosaidiwa na shirika moja la maendeleo. Anamwita Bi Mashavu shangazi kwa sababu baba yake naye ni wa Mohoro. Alikuja siku moja na ombi.

"Shangazi, kuna maonesho uwanjani. Niazime huu. Asubuhi naupeleka, jioni unao mkononi."

"Kuna mikoba ya kuuza pale ukutani. Peleka hiyo."

"Hiyo mizuri. Ila huu ni mwingine."

"Usinipake mafuta, Zamda. Huu una mwenyewe."

"Wallahi hautaguswa. Utaning'inia tu, watu waone mkono wa wanawake wa Mohoro. Wanadhani sisi tunajua kuhemea misaada tu."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomlainisha. Bi Mashavu anapenda kusifiwa, na hafichi. Aliukung'uta mkoba, akaupuliza vumbi ambalo halikuwepo, akasema, "Mwenyewe ntakwenda kuukalia macho."

Tulikwenda pamoja. Uwanjani kulikuwa na maturubai, viti vya plastiki vya wakubwa, mikeka ya wanawake, na muziki mkubwa kuliko haja. Mkoba wa Nasra ulikuwa umetundikwa katikati kabisa. Chini yake palibandikwa kadi iliyochapwa: "Mkoba uliotengenezwa kwa taka za nguo na wanufaika wa mafuriko."

Nilitamani Bi Mashavu asijue kusoma. Anajua, na alisoma kwa sauti.

"Nani kaandika taka?"

Mratibu wa shirika, kijana aitwaye Saidy, alikuja akitabasamu, amevaa fulana yenye nembo. "Mama yetu, karibu! Hiyo ni lugha tu ya mradi."

"Lugha ya mradi ndiyo kunitukania pazia langu?"

"Taka hapo maana yake malighafi, mama yetu."

"Hiyo fulana yako ukiivua leo jioni, itakuwa taka?"

"Hapana, lakini..."

"Ukiivua ukanipa mie?"

Wanawake waliokuwa mkekani wakaanza kucheka. Saidy naye akacheka, kwa ustaarabu, huku akitazama saa. "Wafadhili wanaelewa hivyo, mama yetu."

"Basi nipeleke kwa hao wafadhili niwaeleweshe. Na hawa wanufaika wa mafuriko ndio nani? Mafuriko yalinifaa nini mimi?"

Bi Mashavu aliigeuza kadi, upande wenye maandishi ukatazama ukuta wa turubai, akaenda kukaa. Naona lazima niseme jambo hapa. Mtu aliyeandika kadi ile amesoma, kama mimi nilivyosoma. Alikuwa na jina la mshonaji, na hakuliandika. Alikuwa na neno pazia, neno shuka na neno khanga, akayaacha yote matatu akachukua neno taka. Sikuweza kulikubali jambo hilo siku ile, na silikubali leo.

Mgeni rasmi alifika, mama wa makamo kutoka ofisi moja ya Dar es Salaam, mtu wa sauti laini na salamu nyingi. Alipita kwenye meza zote. Alipofika kwenye mkoba alisimama, akashika mishikio, akasema kwa mshangao wa kweli, "Jamani, huu mzuri!"

Alikuwa bado hajamaliza kusema, Saidy alishautundua. Aliuweka mikononi mwa mgeni, akachukua kipaza sauti. "Kwa niaba ya wanawake wote wa Kibiti, mama yetu mshonaji anakukabidhi zawadi hii kwa moyo mkunjufu!"

Vigelegele vikapanda. Aliyevianzisha ni Zamda. Baadaye alilia akiniambia kwamba kinywa chake kilitangulia kabla akili haijafika, kwa sababu tangu utotoni akisikia neno zawadi hupiga kigelegele. Mikono ikamsukuma Bi Mashavu mbele. Akawekwa kando ya mgeni, picha zikapigwa. Akampa mgeni mkono. Muda mfupi baadaye mkoba wenye mbeleko ya Maimuna uliingia kwenye gari jeupe na kuelekea Dar es Salaam.

Nilimfuata hadi kwenye mkeka. "Bibi, kwa nini hukusema?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeuchukua. "Niseme nini, Mwalimu? Mgeni keshashika. Kitu kimo mkononi mwa mgeni, mbele za watu, vigelegele vimepigwa, mie nikivute? Unataka nivutane na mgeni uwanjani kama nagombea kuku?"

"Lakini hukutoa wewe!"

"Mgeni anajua hilo? Yeye kapewa. Mwenye kosa si yeye, ni yule aliyeshika kipaza sauti."

Tulirudi nyumbani. Nasra alikuwa anachambua mchele uani. Alitazama mikono ya bibi yake, ikiwa mitupu, akatazama nyuma yangu, kisha akauliza mkoba uko wapi. Bi Mashavu alimwambia yote, bila kujitetea, mpaka kwenye kupeana mkono.

"Umewapa mgongo wa mama yangu," Nasra alisema.

Nasra aliingia ndani akafunga mlango, na mchele ukabaki kwenye ungo, kuku wakaufaidi.

Siku iliyofuata baada ya vipindi nilimsindikiza Bi Mashavu ofisini kwa shirika. Saidy alitupokea vizuri mno. Alituletea soda. Bi Mashavu hakuigusa yake.

"Nimefuata mkoba," alisema.

"Mama yetu, ule ulipokewa kwa heshima kubwa! Picha zako zimesambaa. Tumekupa jina."

"Jina ninalo tangu Mohoro. Nimefuata mkoba."

Nilimweleza Saidy habari ya mbeleko, na ubeleko, na harusi. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma. Sidhani kama ni mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi, maana mtu mbaya ningejua namna ya kumjibu. Alisema anatuelewa. Alisema tamaduni zetu ni tajiri. Kisha alisema kumwomba mgeni rasmi arudishe zawadi kutaiaibisha wilaya nzima, na mradi unaweza kupotea. Akaenda chumba cha pili, akarudi akisukuma cherehani jipya, la miguu, bado limefungwa nailoni.

"Hili ni lako, mama yetu. Fidia. Utashona mikoba kumi bora kuliko ule."

Bi Mashavu aliligusa gurudumu. Macho yake yameanza kuchoka, na mara nyingi huniomba nimtungie uzi. Najua kwamba cherehani amelitamani tangu akiwa kijana. Aliligusa muda mrefu kiasi.

"Zuri," alisema. "Lirudishe ndani."

"Mama yetu..."

"Siku nyingine ukinipa, ntalipokea na dua ntakuombea. Leo ukinipa umeninunua. Tena umenunua ambacho hata si changu, ni cha yule aliyejifungia chumbani."

"Lakini aibu, mama yetu. Fikiria aibu."

"Ya nani? Yako umeikumbuka upesi. Yangu mie, siku wakwe zangu wakija nikasimama mikono inaning'inia, umeiandikia kadi?"

Njiani wanawake wa sokoni, ambao habari ilishawafikia, walimwambia achukue cherehani, asiwe mjinga. Mmoja alimuuliza kama mbeleko inajaza sufuria. Bi Mashavu alimuuliza kama yeye alibebwa kwenye sufuria. Wakacheka wote, lakini yeye hakucheka.

Siku chache kabla ya harusi alikuja Bwanaheri, baba mdogo wa Miraji, kupanga mambo ya mwisho. Ni mzee mfupi, mikono imekomaa kwa shoka, mchekeshaji sana. Alipoambiwa habari ya mkoba aliacha kuchekesha, kisha akajaribu kusaidia.

"Mkwe, sisi tunaleta ubeleko wetu. Ukipokea mikono mitupu, nani atakuuliza?"

"Mie ntajiuliza."

"Basi toa khanga nyingine yoyote. Hawa wanawake wetu wataijua?"

"Bwanaheri, unataka nimshushe mtoto kutoka mgongo ambao hakuupanda?"

Mzee alikuna kidevu. "Mie ningefumba macho. Tatizo dada zangu. Wamekwisha uliza mbeleko ni ya rangi gani. Na boti za kuwaleta mpaka Nyamisati tumeshazisemea."

"Basi waje. Lakini neno la kumshusha sitalisema bila mbeleko."

"Na usiposema?"

"Mtakula pilau, mtapanda boti, mtarudi kwenu bila mtu."

Kutoka nyuma ya mlango tulisikia sauti ya Nasra, ya kwanza kwa bibi yake tangu siku ile. "Na mimi sitoki bila neno hilo, Baba Mdogo. Mwambie Miraji." Bi Mashavu aligeuka akautazama mlango. Nadhani maneno hayo, ambayo yaliiweka harusi yenyewe kwenye ukingo, ndiyo yaliyompa nguvu kuliko kitu kingine chochote. Mjukuu wake alikuwa upande wake tena.

Aliyefungua njia ni Zamda. Tangu maonesho alikuwa hapiti mbele ya baraza letu, anazunguka kwa nyuma. Siku hiyo alikuja moja kwa moja, simu mkononi, akapiga magoti kwenye mkeka.

"Shangazi, nitukane kwanza."

"Sina nafasi. Sema."

Alieleza kwamba dereva wa yule mgeni rasmi alikunywa chai kwake siku ya maonesho, akazipenda chapati, akamwachia namba ili akipita kwenda kusini awe anaagiza mapema. Zamda alimpigia, dereva akazungumza na bosi wake, na bosi amekubali kusikiliza. Yuko hewani sasa hivi.

Bi Mashavu alijifunga khanga upya kana kwamba anaonekana. Simu iliwekwa sauti ya nje. Nasra alifungua mlango akasimama kizingitini.

"Hujambo, mwanangu? Ni Mashavu wa Kibiti, mshonaji."

"Bibi! Shikamoo! Mkoba wako unasifiwa kila ninapokwenda. Naenda nao mazoezini kila siku."

"Marahaba. Unaweka nini?"

"Viatu, bibi. Vya kukimbilia. Unabeba vizuri sana!"

Nasra alijifunika uso kwa ushungi. Mshipa ulisimama kwenye shingo ya Bi Mashavu, nikajua sasa anamlipukia, na moyoni nilitaka amlipukie. Lakini aliongea polepole.

"Mwanangu, una watoto?"

"Wawili, bibi."

"Uliwabeba kwa nini?"

"Kwa... kitenge alichonipa mama. Ninacho mpaka leo."

"Unaweka viatu humo?"

Kisha Bi Mashavu akamweleza. Alimwambia Maimuna ni nani, na alikufa lini, na Nasra alilia namna gani mpaka alipofungwa kwa khanga yenye harufu ya mama yake. Akamwambia kiraka chenye umbo la jani kimeziba nini. Hakusema neno la kuomba hata moja.

"Bibi," sauti ya mgeni ilikuwa imebadilika. "Mimi niliambiwa ni taka. Niliambiwa umenipa. Nautuma leo hii kwa basi."

"Usitume! Huo si mzigo wa samaki. Mie sikudai kitu, ulipewa mbele za watu ukapokea kwa adabu. Ninakualika. Ijumaa mjukuu wangu anaozwa. Njoo na mkoba wako, ukae mkekani, uwe mama yake mdogo. Maimuna hakuwa na dada. Mama mdogo ndiye atakayenikabidhi mbeleko, na wewe utakuwa umekuja na cha kwako, umekitoa kwa mkono wako."

Tulisikia mtu akivuta kamasi. "Nitakuja, bibi. Nitaufua kwanza."

"Hapana! Usiuguse! Ndani una salfeti, utaliharibu. Toa hivyo viatu tu. Uanike."

Simu ilipokatika Zamda alipiga kigelegele, akatazamwa, akakikata katikati. Bi Mashavu alikuwa ameketi chini. "Viatu," alisema. "Vya kukimbilia. Mtoto nilimfuta jasho kwa ncha ile." Na hapo ndipo hasira yote aliyoizuia ilipotoka, akamtaja Saidy, kadi yake, kipaza sauti chake na soda yake, mpaka Nasra akaja kukaa karibu naye na kumpepea.

"Basi, Bibi. Basi, mke mwenzangu."

Leo ndiyo Ijumaa. Tangu asubuhi uani kuna moshi, na masufuria ya pilau yamekaa kwenye mafiga. Wanawake wa Mohoro wamejaa. Saidy naye amekuja, kwa sababu amesikia mgeni rasmi anakuja, na amekuja na mpiga picha. Bi Mashavu alimtazama toka juu mpaka chini.

"Picha ya nini tena?"

"Kumbukumbu, mama yetu. Hadithi ya mafanikio."

"Huyo mwenye kamera akae nje ya ua. Na wewe, ukitaka kubaki, vua hiyo fulana uvae nyingine, kuna gunia la vitunguu pale."

Sikutarajia, lakini amebaki. Anamenya vitunguu machozi yakimtoka, na wanawake wanamwuliza kama hayo nayo ni lugha ya mradi.

Nasra yumo chumbani, hina imekolea, amekaa kitandani. Bwanaheri amepiga simu: wameshateremka Nyamisati, wako kwenye magari, akina dada wanaimba tangu majini na sauti bado wanazo. Dereva wa mgeni alipiga mapema, akasema wamepita Mkuranga. Baada ya hapo simu yake haipatikani. Zamda anaipiga, anaitazama, anaipiga tena. Sote tunasikia sasa nyimbo za watu wa delta zikija kutoka upande wa stendi, na zimekaribia kuliko tulivyotaka.

Bi Mashavu amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu huku na mwingine kule, amevaa khanga mpya zinazonguruma anapogeuka. Nyimbo zimefika kwenye ua. Sauti ya mwanamke wa upande wa mume inapiga hodi na kusema wameleta ubeleko, wanaomba kuona mbeleko.

"Subirini hapo hapo!" anajibu kwa ukali, kama wao ndio waliochelewesha. "Hodi ya nini kwa pupa hivyo? Mtoto hateremshwi kwa kusukumwa!"

Wanawake wa delta wanacheka na kuanza wimbo mwingine. Bi Mashavu hageuzi macho kutoka barabara ya Dar es Salaam.

"Zamda! Gari lao rangi gani?"

"Jeupe, shangazi."

"Jeupe! Magari yote haya yanayopita meupe!"